Nyonga ya bandia, nyumba ya mlimani: ninavyowaandaa wazee

Kazi yangu ni mazoezi ya viungo hapa Mwanza, na wagonjwa ninaowahangaikia zaidi ni wazee waliovunjika shingo ya mfupa wa paja wakawekewa nyonga ya bandia. Wapo wanaopasuliwa kwa mkato mdogo, sentimita 10 hivi badala ya 20 na zaidi. Ndugu wakiona kidonda kidogo hudhani na kazi ya ndani ilikuwa ndogo. Sivyo. Kichwa cha mfupa kimetolewa, chuma chenye shina kimeingizwa ndani ya paja, na daktari akipitia nyuma, misuli midogo inayokaza nyonga hukatwa ikashonwa upya. Kabla haijashika, nyonga inaweza kuchomoka.

Kwa hiyo nashughulikia nyumba mzee akiwa bado wodini. Naanza na choo, maana kuchuchumaa hukunja nyonga kupita digrii 90. Seremala hutengeneza kiti kizito chenye tundu, kikae juu ya shimo, na miguu yake huvalishwa mpira wa tairi kisiteleze sakafu ikilowa. Kimo nakipima kwa mzee mwenyewe: kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, kisha naongeza sentimita 5. Akikaa, magoti yawe chini ya nyonga. Kitanda nakiinua kwa vipande vya gogo vilivyochongwa kishimo cha kushika mguu wa kitanda. Matofali matupu huteleza. Godoro la sponji hubonyea, kwa hiyo pima akiwa amelikalia.

Kigoda cha jikoni kiwekwe mbali kabisa hadi daktari aruhusu, mara nyingi baada ya wiki 6 hadi 12. Akilala ubavu, mto ukae katikati ya magoti.

Kwa wanaokaa milimani, kama Igogo au Mabatini, kuna ngazi za mawe. Kupanda, mguu mzima hutangulia. Kushuka, fimbo na mguu uliopasuliwa hutangulia. Msaidizi akae upande wa chini siku zote, akipanda au akishuka.

Mguu ukifupika ghafla na kugeukia ndani, usiuvute, mrudisheni hospitali. Shavu la mguu likivimba, au pumzi ikikatika, msingoje asubuhi: huenda damu imeganda. Dawa ya kuzuia hilo huandikwa hata siku 35, nami huwasihi ndugu waimalize, kwani wengi huiacha mara kidonda kikikauka.