Siku printa ilipomtoa mtoto wa watu kijani

Ilikua Januari 2018, wiki ile ya kufungua shule, na mi ndo nilikua nimerudi Morogoro kutoka kwa mama Kilosa nilikoenda kula sikukuu karibu wiki tatu. Kibanda changu cha steshenari kilikua pale karibu na stendi ya Msamvu, kidogo tu, kompyuta moja, mashine ya fotokopi, ya lamineshini, na printa yangu ya picha, ile ya matanki pembeni yenye rangi sita, nyeusi, bluu, pinki, njano, halafu bluu ya mpauko na pinki ya mpauko. Hiyo printa niliinunua kwa hela ya mchezo nilivyopokea zamu yangu na ndo ilikua inanilipia kodi ya banda, kwahiyo niliipenda kweli, kila jioni naifunika kitambaa.

Alhamisi asubuhi akaja mama mmoja na kijana wake anaenda fomu wani, bweni, Jumatatu anatakiwa aripoti, na kwenye fomu wameandika pasipoti saizi nne, nyuma bluu. Nikamuweka kijana mbele ya pazia, nikampiga, nikakata saizi, nikatuma iprintiwe. Karatasi ikaanza kutoka kuanzia nywele, zikawa sawa, ikafika paji la uso, kijani. Yaani kijani kama ndizi inayotaka kuiva. Pazia ambalo ni bluu nzito limekua rangi ya maji ya bahari, midomo kijivu, na mistari myembamba myeupe imekatiza usoni. Mama akaichukua, akaiangalia kwa muda, akasema taratibu, "Mwanangu, mbona mtoto wangu umemtoa kama maiti?"

Sikua na la kumjibu. Kijana kasimama na shati jipya la shule bado lina mikunjo ya dukani, anaangalia chini. Nikamwambia mama samahani sana, nipe mpaka jioni nitakua nimeirekebisha, akakubali, wakaondoka.

Hapo ndo nikaanza kuharibu zaidi. Nikafikiri ni karatasi, nikabadilisha fotopepa ya glosi nikafungua pakti nyingine, ikatoka vilevile. Nikafikiri ni kompyuta, nikaingia Fotoshopu nikaongeza wekundu, nikaongeza tena, uso kwenye skrini umekua kama nyanya lakini kwenye karatasi bado kijani. Halafu ndo nikakumbuka kuprinti ile karatasi ya kupima nozo, yaani vitundu vya kutolea wino, ile yenye vingazi vya kila rangi. Nyeusi ilikua na mapengo mawili matatu, bluu nzima, njano nzima, pinki hakuna. Pinki zote mbili, hata kidoti. Nikabonyeza hedi klini, ya kusafisha hedi, kile kichwa cha printa kinachotoa wino. Nikabonyeza tena. Mpaka inafika saa nane mchana nilikua nimeklini mara saba mfululizo na nilivyochungulia matanki bluu imeshuka, njano imeshuka, pinki iko palepale nilipoiacha Desemba. Hiyo ingetosha kunifundisha kwamba pinki haipiti kabisa na ninachofanya ni kumwaga hizo nyingine, lakini nilikua nimeshachanganyikiwa, mama atarudi jioni nimwambie nini.

Jioni alirudi kweli, shikamoo mama, marahaba, nikamwambia bado. Akasema kesho kutwa ndo siku yake ya mwisho kuja mjini.

Ijumaa nikamfuata fundi mmoja anayetengeneza printa na fotokopi, mtu mzima kidogo, mpole, haongei sana. Akaja na begi lake dogo. Mi nilitegemea ataanza kufungua skrubu, hakugusa kitu, akakaa kwenye stuli akaniuliza, "Dada, mara ya mwisho kabla hujasafiri uliizimaje?"

Nikakumbuka pale pale. Siku naondoka nilikua naprinti picha ya mteja wa mwisho, bodaboda ananisubiri nje anipeleke kwenye basi, na karatasi ilivyodondoka tu nikashusha swichi kubwa ya banda zima, maana nilikua naogopa sana moto wa umeme nikiwa mbali. Nikamwambia hivohivo.

Akatikisa kichwa, akanieleza pole pole, na mpaka leo nashukuru alinieleza badala ya kutengeneza akaondoka. Printa ukiizima kwa kitufe chake yenyewe, inarudisha hedi mwisho kabisa upande wa kulia, na pale kuna kikombe cha mpira kinapanda kinaifunika chini, kama mfuniko wa chupa ya wino. Ukikata umeme ghafla hedi ikiwa njiani inabaki wazi. Kwenye printa yangu kila rangi ina tundu 90 na tundu moja ni jembamba kuliko unywele, sasa wiki tatu za joto la Morogoro wino utaacha kukauka? Na zile klini saba, akasema, hazikusaidia kwasababu zinavuta, na ukivuta palipoziba unaweza kuingiza hewa kwenye mipira ya wino. Na wino wote ule haupotei, unaenda kwenye sponji chini ya printa, printa yenyewe inahesabu, ikiona sponji imejaa inagoma kuprinti.

Akaiwasha, hedi ilivyoanza kutembea tu akachomoa waya, basi ikawa huru akaisukuma kushoto kwa kidole kimoja. Nikakiona kile kikombe kwa mara ya kwanza maishani na printa ninayo mwaka wa pili. Ndani kuna kisponji kimejaa tope jeusi, na kwenye kingo za mpira wino umegandia kama ukoko wa sufuria ya maharage. Akasema hata hedi ikikaa hapa haizibiki vizuri, hewa inaingia. Akatoa chupa ya maji ya betri, yale masafi ya kuongezea, sio asidi, akaiweka kwenye kikombe cha maji ya moto ipate uvuguvugu. Bomba la sindano la duka la dawa, la 5 ml, halina sindano. Akadondosha maji kwenye kikombe cha mpira, akayanyonya, yakatoka meusi, akadondosha tena, mara sita au saba mpaka yakaanza kua mepesi. Kingo akazisafisha kwa pamba ya masikio, taratibu kama anamsafisha mtoto. Mwisho akajaza kikombe maji safi, akarudisha hedi juu yake kwa mkono.

"Mpaka kesho. Usiwashe."

Nikamuomba sana, nikamwambia nina mteja, akasema dada ukiwasha leo ukalazimisha utanunua hedi, na hedi na printa mpya bei zake zinakaribiana. Usiku sikulala vizuri.

Jumamosi saa mbili kasoro akawa ameshafika. Akasukuma hedi pembeni, na mle kwenye kikombe maji yalikua pinki, pinki nzito kama juisi ya rozela. Nilifurahi jamani. Akayanyonya, akachomeka waya, akaklini mara moja tu, akaprinti karatasi ya kupima kwenye karatasi ya kawaida. Pinki imerudi, ngazi yake ina vidato viwili havipo. Nikanyoosha mkono niklini tena akanizuia, tukanywa chai lisaa lizima, akarudia mara moja, ngazi zote sita zikajaa. Picha ya kwanza ikatoka mtoto mwekundu kama kaungua, kumbe ule wekundu niliouongeza Fotoshopu bado upo, nikaurudisha sifuri.

Ya pili ikatoka yeye. Rangi yake ile ya maji ya kunde, na pazia bluu nzito.

Mama alifika mchana na kijana. Akachukua picha akaisogeza karibu kabisa na shavu la mwanae, akaangalia huku akaangalia huku. "Ehee. Huyu ndo wangu." Hela sikuchukua, alilazimisha nikakataa. Akazifunga picha nne kwenye ncha ya kanga, halafu akaniuliza, ile ya juzi iko wapi. Nikamtolea kwenye droo. Akaichana mara mbili, mara nne, vipande akavitia kwenye pochi yake, hakutaka hata vibaki kwenye ndoo yangu ya takataka, akamshika kijana mkono wakavuka barabara kuelekea stendi.