Nilivyoisaka loko ya Tanga mpaka ikakaa mezani

Nakaa Ngamiani, na reli kwenda mjini naivuka tangu nasoma chekechea, ila siku zote nilikuwa naona nyasi tu. Historia yake ndefu, Mjerumani kaanza kuitandika hapa Tanga 1893, ikafika Moshi 1911, Mwingereza akaisogeza mpaka Arusha 1929, lakini mimi shida yangu ilikuwa loko tu, pale vichwa vya moshi vilipokuwa vinalala, vinajazwa maji na kukaguliwa, niitengeneze kwa maboksi kama ilivyokuwa miaka ya sitini.

Nilianza na kipimo maana reli nilishakuwa nazo, za treni ya watoto ya mtumba, upana milimita 16.5. Reli yetu ni ya mita moja, kwa hiyo nikipunguza kila kitu mara 64 inakubali, inazidi kidogo tu. Na hiyo mita ndo ikawa rula yangu, ukipata picha ya zamani ambayo reli na tenki la maji vimekaa usawa mmoja unapima upana wa reli halafu unaona tenki limeubeba mara ngapi. Lazima viwe usawa mmoja lakini, la sivyo cha nyuma kinaonekana kidogo na unajidanganya mwenyewe.

Basi nikapata picha moja safi sana, chini imeandikwa Tanga, ina tenki, ina banda, pembeni lundo jeusi nikajua hayo makaa ya mawe. Wiki tatu nakata maboksi. Nikaponda mkaa wa jikoni nikaumwaga pembeni, kitu kikatoka kikali kweli, nikabeba vyote kwenye trei mpaka kwa mzee mmoja jirani aliyekuwa fayamani enzi hizo, yule wa kuchochea moto kwenye kichwa cha treni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

Kaishika picha, kaivuta karibu, kaipeleka mbali, mwisho akauliza: "Huu mlima hapa Tanga mjini umeutoa wapi?"

Yaani nilitamani trei inifunike. Mlima uko nyuma ya banda, mkubwa kama nini, na mimi picha nimeikodolea macho miezi! Mjini kwetu ni tambarare mpaka baharini. Nadhani aliyeandika Tanga alimaanisha reli ya Tanga, maana mzee anasema ule ni mlima wa Usambara na hapo ni Mombo, stesheni ya mbele huko kwenye reli hiyo hiyo. Hajamaliza, kagusa lundo langu kwa kidole: "Na haya makaa? Sisi tulichoma mafuta mazito."

Nikaanza kumuuliza tenki lilikuwa wapi, banda wapi, ananijibu "kule, mbele kidogo." Haisaidii. Nikabadilisha, nikamwambia babu, umeingia usiku na treni kutoka Korogwe, umechoka, nioneshe unafanya nini kimoja baada ya kingine. Weee! Kavua kandambili moja, ikawa ndo kichwa cha treni, anaisukuma kwenye mkeka, hapa kwanza maji, hapa mafuta, hapa shimo fundi anaingia chini na taa kuangalia breki na kupaka grisi (mimi shimo nilishalijaza majivu), na mimi nyuma yake naweka vijiti vya kiberiti kila anaposimama. Ramani yangu yote ilitoka kwenye ule mkeka.

Kilichonimaliza ni mchanga. Nilijua unakaushwa kwa moto na kuchekechwa ili unyunyizwe kwenye reli magurudumu yasiteleze, ukiwa na unyevu unaziba bomba. Kumbe una kazi ya pili. Mkiwa njiani fayamani anauchota kwa kikopo, anautia kwenye tundu la mlango wa moto, unavutwa na hewa kupita kwenye mabomba ya boila na kukwangua masizi, yote yanatokea juu moshi mweusi tii.

Hapo bibi akadakia kutoka jikoni: "Na yote yanatua kwenye shuka zangu!" Mzee akacheka mpaka akakohoa, anasema walikatazwa kufanya hivyo karibu na nyumba za watu, lakini wengine hawasikii.

Nimebomoa karibu yote nikaanza upya, mlima nje, makaa nje. Nimeongeza jiko la kukaushia mchanga, na nyuma ya uzio kamba ya nguo yenye shuka tatu za karatasi, nimezitia madoa kwa ncha ya penseli. Bibi kaja kuziangalia juzi, kavaa na miwani kabisa. Kasema madoa hayajatosha.