Nilivyopima matangazo ya mtandaoni kwa daftari la leso

Kwa miezi minane nililipia matangazo ya duka letu la leso na madera, lililo karibu na Barabara ya Biashara hapa Mombasa, nikiwalenga wanawake waliokwisha kutazama picha zetu kwenye mtandao mmoja wa kijamii. Kila wiki ripoti ilinionyesha wateja "walioletwa" na tangazo, nami niliamini, kwani hesabu iliyopambwa kwa michoro haitiliwi shaka kwa urahisi.

Siku moja bibi mmoja aliyeulizia bei kupitia tangazo hilo alikuja kulipa. Nilipomuuliza kama ndilo lililomleta, alicheka. "Mwanangu, mimi nanunua hapa tangu mamako akikalia kiti hicho. Hili tangazo lanifuata tu." Ripoti ilikuwa imemhesabu.

Nilikumbuka jaribio la eBay, kampuni ya Marekani yenye soko la mtandaoni, ambayo mwaka 2012 ilisitisha kulipia matangazo yaliyotokea watu walipotafuta jina lake kwenye tovuti za kutafutia. Watafiti wake, Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, waligundua kwamba asilimia 99.5 ya mibofyo iliyopotea ilirudi bila malipo, kwa sababu watu hao walikuwa njiani kwenda huko huko. Matangazo mengine ya utafutaji yaliwasukuma wanunuzi wapya na wa nadra, ila si wale wa kila siku, ambao ndio waliokula sehemu kubwa ya fedha.

Nami nikajaribu kwa kipimo changu. Nilizima matangazo Likoni na Kisauni kwa wiki nne, nikayaacha Nyali na Changamwe, kisha nikabadilisha zamu, na nikajiepusha na wiki za kuelekea Idi, kwani wakati huo leso hujiuza zenyewe. Kila mnunuzi niliandika katika daftari anakoishi na kama aliwahi kununua kwetu. Kasoro ilikuwa feri: mkazi wa Likoni anayeshinda kisiwani huenda simu yake ikaonekana kuwa ya kisiwani, kwa hivyo mipaka yangu ilivuja.

Wateja wa zamani hawakutikisika, tangazo liwepo au lisiwepo. Wapya walikuwa 19 kwenye maeneo yenye matangazo na 11 kwenye yale niliyoyazima, karibu wote wakitaka madera ya kupelekewa nyumbani. Idadi hiyo ni ndogo mno kunitosha kuapa, lakini ilielekea upande ule ule wa watafiti, na ilitosha kuniondoa katika kulipia macho ya watu wanaonijua.

Sasa wote waliowahi kutuandikia nimewaondoa katika walengwa wa tangazo, na theluthi ya fedha za zamani naielekeza Mtwapa, tusikojulikana. Kiasi kilichobaki hulipa bodaboda ya kuwapelekea wateja wapya madera yao.