Siku moja maishani mwangu: mfamasia na mafuta ya dripu

Saa moja na nusu asubuhi nafungua majibu ya maabara ya wagonjwa wanaolishwa kwa mshipa. Naanzia kwenye trigliseridi, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu. Kitanda cha nne, mgonjwa wa mashine ya kupumulia: 430 mg/dL. Kikomo chetu ni 400.

Saa tatu, raundi. Daktari anataka tubadilishe chupa ya mafuta. Mimi naomba kwanza chati ya dawa, na kweli, propofol inaingia mililita 20 kwa saa. Dawa hiyo ya usingizi imechanganywa kwenye mafuta ya soya ya asilimia 10, kila mililita ina kalori 1.1. Kwa siku ni kalori 528 ambazo hakuna aliyezihesabu! Tunasimamisha mafuta ya lishe, propofol inabaki.

Saa tano nipo kwa mgonjwa wa utumbo mfupi, ambaye utumbo uliobaki hautoshi kumlisha. Bilirubini, rangi ya njano ya nyongo inayoonyesha ini likisumbuka, inapanda wiki hadi wiki, na amekuwa kwenye mafuta ya soya tupu. Soya si sumu. Ndiyo iliyofungua njia hii ya kulisha mafuta kwa mshipa huko Sweden mwaka 1962. Lakini ina asidi za mafuta za omega-6 nyingi na fitosteroli, kemikali za mimea zinazofanana na kolesteroli, ambazo ini lililochoka hushindwa kuzitoa. Napendekeza mchanganyiko: soya asilimia 30, mafuta ya mnyororo wa kati (yenye molekuli fupi kuliko ya kawaida) 30, zeituni 25, samaki 15.

“Si tumpe ya samaki peke yake, Dokta?” anauliza mwanafunzi. Kwa mtu mzima huyu, sipendi: asidi ya linoleiki, mafuta ya lazima kwa mwili, ni kidogo mno humo, na mwili hauwezi kujitengenezea. Namuuliza mgonjwa kuhusu mzio wa samaki, soya na mayai. Mayai huwashangaza wengi, ila kinachoshikanisha mafuta na maji ni lesithini ya kiini cha yai.

Saa nane, chumba cha kuchanganyia. Nauinua mfuko wa lishe ya mshipa, wenye mafuta ndani, kwenye mwanga. Utando mweupe juu hauniogopeshi, ukigeuza mfuko taratibu unarudi kuchanganyika. Matone ya njano yanayoelea ni habari nyingine: mafuta yamejitenga, mara nyingi kalsiamu au magnesiamu imezidi, na mfuko huo unatupwa. Wa leo ni safi. Naupeleka wodini na chujio la mikroni 1.2.

Saa kumi na mbili jioni simu inalia. Muuguzi anauliza kama mfuko wa jana uliobaki robo uendelee kutumika.

“Umefikisha saa 24?”

“Umepitiliza kidogo.”

“Utoe, dada. Ufunge mpya.”