Mwaka wa darasa la nne na mwanangu, tulivyovuka upimaji mpaka tukaingia la tano

Wazazi wenzangu mlio na watoto wanaoingia la nne, hasa wa shule zetu hizi za serikali, naomba niandike kwa kirefu maana mi nilitafuta mtu wa kunielekeza sikumpata, kila niliyemuuliza ananijibu "aah la nne ni kawaida tu, mtafutie tuisheni". Jamani la nne sio kawaida. Mwanangu alifanya upimaji wa kitaifa 2024, tuko huku Mbagala, Dar es Salaam, darasani kwao walikuwa zaidi ya mia, na alipita vizuri, ila tulifanya kazi.

Ni hivi. La kwanza na la pili ni KKK, mzazi unaangalia tu kama mtoto anasoma, anaandika na kuhesabu basi. La tatu masomo yanaongezeka na la nne ndo yanabana kweli, mwaka wake yalikuwa Kiswahili, English, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili, na yote sita yalikuwa kwenye upimaji mwishoni mwa Oktoba, siku mbili tu yakaisha. Asiyefikia kiwango anarudia darasa. Hilo wazazi wengi hawalijui mpaka Januari matokeo yakitoka ndo wanashtuka.

Sasa kitu ambacho nataka mnielewe, tatizo kubwa la la nne sio mtoto kutojua kusoma. Wa kwangu alikuwa anasoma anatiririka, habari nzima hakwami popote mpaka majirani wanamsifia. Mwalimu wake ndo aliniita akaniambia, "Mama, huyu anasoma vizuri sana, lakini swali halielewi." Nikaenda nyumbani nikamjaribu. Nikampa kihabari cha mkulima aliyepakia mahindi kwenye mkokoteni anaenda mnadani, njiani mvua ikanyesha kubwa, daraja likasombwa, jioni mkulima yuko nyumbani na mahindi yake. Nikamuuliza, kwa nini alirudi na mahindi? Mtoto akarudi mstari wa kwanza akaanza kuisoma upya yote kwa sauti. Anatafuta sentensi iliyoandikwa "alirudi kwa sababu", na haipo, inabidi uunganishe mwenyewe mvua na daraja. Hapo nikaelewa alichokuwa anasema mwalimu.

Na kwenye hesabu ni hivyohivyo. Kuzidisha wima anajua, kugawanya anajua, lakini mpe hesabu ya maneno uone. Kuna moja naikumbuka, trei 6 za mayai, kila trei ina mayai 30, yakavunjika 17, yamebaki mangapi? Yeye akachukua 6 na 30 na 17 akajumlisha zote, akapata 53, na ameandika kwa mwandiko mzuri kabisa. Ameona namba tatu akazijumlisha, stori yenyewe hakuiona.

Basi tukaanza hivi, jioni nikishafunga genge na tumekula, habari moja tu ya ufahamu, sio tano, moja. Anasoma kimoyomoyo, anafunga kitabu, ananisimulia. Akishasimulia namuuliza maswali ya "kwa nini" na "unafikiri nini kilifuata". Mwanzoni alikuwa ananisimulia maneno mawili matatu ananyamaza, mi nasubiri, simharakishi, maana ukimjibia na yeye anazoea kusubiri ujibu. Kwa upande wa hesabu sheria ilikuwa moja, kalamu haishikwi mpaka anieleze stori bila kutaja namba hata moja. "Mtu alikuwa na trei za mayai, mengine yakavunjika, wanataka yaliyobaki." Vizuri, sasa yaliyobaki utayajuaje kama hujui yote yalikuwa mangapi? Hapo anashtuka mwenyewe, kumbe nianze na kuzidisha, 180, ndo nitoe 17, yanabaki 163. Siku alipofanya hivyo bila mi kumuuliza chochote nilifurahi jamani, nilimpigia hadi baba yake kazini.

Genge lenyewe lilisaidia sana, Jumamosi anakaa na mi, mteja akichukua mafungu matatu ya nyanya na vitunguu akatoa elfu kumi, chenji anapiga yeye kichwani. Ila jedwali la kuzidisha hilo halina njia ya mkato, ni kulikariri mpaka la 12, tulikuwa tunalisema njiani tukienda kufuata maji.

Kitu kingine ambacho wengi wanakipuuza ni imla. Kwenye upimaji wa Kiswahili na English mtoto anasomewa sentensi anaandika, na ndo hapo matamshi ya nyumbani yanamponza. Sisi huku tunaongeza h tunatoa h, wa kwangu alikuwa anaandika "hakaenda" badala ya akaenda, na r na l zinabadilishana viti. Nilichofanya namsomea sentensi fupi kwa matamshi safi, anaandika, halafu anasahihisha mwenyewe kwa kulinganisha na kitabu. Akijisahihisha mwenyewe linakaa kichwani kuliko mi kumchorea wino mwekundu.

Vitabu msiseme hamna, vitabu vya kiada vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) vipo bure kwenye maktaba mtandao yao, na mitihani ya nyuma ipo kwenye tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani), sisi tulikuwa tunatoa kopi stationari kurasa chache chache. Tuisheni siikatai, ila angalieni. Nilimtoa kwenye moja ambayo watoto wamejaa sebuleni wanafanya pasti pepa kutwa, mwalimu anasoma majibu wanapiga vema, mtoto anarudi ana maksi 45 kati ya 50 na hajui kwa nini. Bora mwalimu mwenye watoto wachache anayemuuliza umepataje hilo jibu.

Shuleni nendeni vikao, hata kama mnajua mtaongelea hela ya uji. Pale ndo utajua ratiba ya masomo ya ziada, mitihani ya ujirani mwema, ile shule za jirani zinafanya kwa pamoja, ni lini, na majina yaliyosajiliwa yakoje, hakikisha jina la mwanao linafanana na cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi, maana kulirekebisha baadaye ni kuzungushwa. Na mwambieni mtoto mapema kwamba siku ya mtihani msimamizi ni mwalimu wa shule nyingine asiyemjua. Wa kwangu nilimwambia hivyo tangu Septemba na hakuogopa, ila mwenzie wa jirani alilia asubuhi ile akidhani amefukuzwa darasani kwao.

Matokeo alipata B. Nikaangalia somo kwa somo, sio wastani tu, nikaona English iko chini, basi likizo yote iliyobaki tulikaa na English.

La tano sasa. Hamna mtihani wa taifa, la sita pia kwa hawa wa mtaala wa zamani hamna, na hapo ndo naona watu wanalegea, daftari haliangaliwi tena hadi la saba. Mi siwezi, kwanza hesabu zimebadilika kabisa, sehemu, desimali, asilimia, halafu kuna hili la 2027, watoto wa rika la mwanangu watamaliza la saba mwaka uleule ambao wa mtaala mpya wanamaliza la sita, 2028 wote wanaingia kidato cha kwanza. Nataka afike pale amesimama sawasawa.

Na mtoto mwenyewe anabadilika, sio yule wa kukaa mezani na mama kila jioni. Anataka kufanya peke yake, rafiki zake ndo wenye maneno ya maana, mabinti darasani kwao wengine wameanza kubalehe na maswali yanakuja, mnajibu vizuri kabla hajajibiwa mtaani. Mi nimempunguzia, kazi anafanya mwenyewe, Jumapili jioni ananiletea madaftari yote nayapitia na yeye ananieleza. Sasa hivi tuko kwenye desimali, na mzani wa genge umerudi kazini, robo kilo anaiandika 0.25, kilo moja na nusu anaiandika 1.5, wateja wanasubiri kidogo lakini wameshamzoea.