Hewa ya Nairobi, Hewa ya Vipingo

Injini ilitoka Sharjah, kwenye lile soko la spea za mitumba, ikafika Nairobi imefungwa juu ya mbao pamoja na giaboksi yake, nyaya zimekatwa na mtu mwenye haraka. Ilikuwa Toyota 4A-GE ya valvu 20, ile yenye kifuniko cheusi iliyofungwa kwenye Levin na Trueno za AE111 kuanzia mwaka 1995. Mpenzi wa Corolla anaijua: valvu tano kwa kila silinda, throtoli nne, yaani vilango vya hewa vinne badala ya kimoja, kompresheni ya 11 kwa 1 (mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa mara 11), nguvu farasi 165 kwenye mizunguko 7,800 kwa dakika. Haina tabo, ile pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini. Nguvu hizo zote inazipata kwa kupumua vizuri tu, na mpaka leo sijaona injini ninayoipenda zaidi ya hiyo kwa mtu wa kipato cha kawaida anayejitengenezea gari la mashindano ya ridhaa.

Gari lenyewe lilikuwa Corolla 110 nyeupe iliyostaafu kazi ya teksi. Viti vya nyuma tulivitoa, zulia tukalitoa, tukachomea fremu ya mabomba ndani, ya kuzuia paa lisibonyee gari likipinduka. Hiyo ilikuwa kazi ya welda na haikunisumbua moyo. Moyo wangu ulikuwa kwenye injini.

Aliyeniongoza ni fundi mmoja wa Industrial Area ambaye sisi wote tulimwita Mzee. Alianza ufundi akiwa kijana, enzi ambazo Safari Rally ilikuwa ya Pasaka na Nairobi nzima ilitoka barabarani kuangalia magari. Alikuwa amesimama kando ya njia zile Datsun za Shekhar Mehta zikipita, Mehta aliyeshinda mwaka 1979 kisha akashinda tena mfululizo mpaka 1982, na alikuwa akiyasimulia magari yale kwa sauti zake, si kwa rangi zake. Alikuwa na sikio. Ndilo hasa ninalotaka kulisimulia, lakini tuanzie kwenye ringi za pistoni.

Tuliifungua injini yote. Kuta za silinda zilikuwa zimelika, hazikuwa duara tena, kwa hiyo tukachonga nusu milimita, kutoka kipenyo cha 81 hadi 81.5, tukatafuta pistoni za ovasaizi. Ujazo ukapanda kutoka sentimita za ujazo 1,587 hadi kama 1,607. Haukuwa ujazo tuliokuwa tukiutafuta, tulitaka kuta mpya. Kisha Mzee akakaa kwenye kigoda chake na ringi zote mbele yake juu ya gazeti. Alitia ringi moja ndani ya silinda yake, akaisukuma chini kwa pistoni iliyopinduliwa ili ikae sawasawa, akapima mwanya kati ya ncha zake kwa fila, kile kibapa chembamba cha kupimia. Alitaka milimita 0.35. Ikisoma 0.30 anaitoa, anaipiga tupa, tena kuelekea upande mmoja tu, taratibu, halafu anapitisha kidole gumba kwenye ncha kutafuta ukwaru. Anairudisha, anapima upya. Ringi ikipata joto hurefuka. Ncha zake mbili zikigusana hazina pa kwenda, ndipo inapokwaruza ukuta au kuvunja pistoni.

"Mwanangu, hapa hakuna mtu wa kutuona," aliniambia bila kuinua kichwa. "Ndiyo maana lazima tufanye vizuri."

Biringi za kranki alizipima kwa ule uzi wa plastiki unaobanwa na kuacha alama. Hedi ilikwenda kuskimiwa, yaani kusawazishwa uso, ikarudi, akaiwekea rula na kuikagua kwenye mwanga wa mlango. Kamshafti tuliacha za kiwandani. Vijana wengi hukimbilia kamshafti kali kwa sababu ya ule mngurumo wa silensa, lakini mimi naona shilingi ya kwanza iende kwenye bloki na ya pili kwenye oili na upoaji. Gari la mashindano linalochemka raundi ya tatu halina faida hata liwe na mngurumo gani.

Kompyuta ya Toyota tuliitoa, tukaweka ya kupangwa upya, na sensa pana ya oksijeni kwenye ekzosi ya kutuonyesha uwiano wa hewa na petroli. Hapo akaingia mpwa wa Mzee, kijana wa laptopu. Kazi yake ilikuwa mapu: jedwali ambalo upande mmoja lina mizunguko ya injini, upande wa pili lina shinikizo la hewa ndani ya manifoldi kwa kipimo cha kilopaskali, na kila kisanduku kinaiambia nozeli ikae wazi kwa muda gani. Jedwali la pili, umbo lilelile, linaiambia plagi iwashe nyuzi (digrii) ngapi za mzunguko kabla pistoni haijafika juu; hiyo ndiyo taimingi.

Tuliityuni Nairobi mpaka ikawa tamu. Ukikanyaga mpaka mwisho inakaa kwenye 12.8 za hewa kwa 1 ya petroli, haitetereki, inapanda mpaka 7,500 kwa sauti moja. Taimingi tuliisogeza mpaka tukaona kwamba nyuzi zaidi haziongezi kitu. Mimi niliridhika. Mwaliko wa Vipingo, kule pwani, ulipokuja, Februari 2016, mbio ndogo za kirafiki kwenye njia za mashamba ya mkonge, nilianza kutafuta lori la kulibeba gari. Mzee akauliza swali moja tu: "Hizo safu mbili za juu kwenye mapu, nani alizijaza?"

Mpwa wake akafungua laptopu. Safu ya 90 na safu ya 100 zilikuwa na namba, namba nzuri zilizopangika, lakini hakuna hata moja iliyowahi kujaribiwa. Haingewezekana. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake yote, ukiwa umefungua throtoli zote nne, haifiki zaidi ya kilopaskali 83 au 84. Injini ya kawaida isiyo na tabo haiwezi kuvuta shinikizo lisilokuwepo nje. Kwa hiyo tulichokiita kukanyaga mpaka mwisho kilikuwa kinaishia chini ya safu hizo mbili, na juu yake kompyuta ilijijazia kwa kukisia. Pwani ni 101. Gari lingeingia kwenye visanduku ambavyo halijawahi kuvikanyaga, likiwa na hewa zaidi kwa karibu asilimia 20, kwenye kompresheni ya 11 kwa 1, katika joto la kaskazi.

"Wakati wa karbureta ilikuwa lazima ukumbuke," Mzee alisema. "Mteja akishuka Mombasa tunamfungia jeti kubwa, akirudi bara tunarudisha ndogo. Kompyuta imewafanya mdhani hewa ni moja."

Tukaamua kushuka mapema, tutyuni kulekule.

Njiani tulikuwa na mchezo ambao sitausahau. Kila tuliposimama, kijana alipanda kwenye lori, akawasha swichi bila kuwasha injini, akasoma sensa ya manifoldi. Injini ikiwa imezima, sensa hiyo husoma hewa ya pale ulipo na si kingine. Emali ilisoma 88. Mtito Andei, tukinywa chai, 93. Voi 95. Nilikuwa nimepita barabara ya Mombasa tangu utotoni nikijua kwamba inashuka, lakini sikuwahi kuuona mteremko ukiandikwa hivyo kwa namba, hewa ikizidi kuwa nzito kituo kwa kituo. Baada ya Mariakani, tulipoiacha foleni ya malori nyuma, kijana aliacha kusoma. Alikuwa amekwishaelewa, na nadhani aliogopa kidogo.

Vipingo tulifika joto likiwa limeiva. Wenyeji walituruhusu kutumia njia moja iliyonyooka kati ya mikonge, murram iliyoshindiliwa vizuri, jioni kabla ya siku ya mbio. Na hapo Mzee akatoa chombo chake kwenye mfuko wa sandarusi: bomba la shaba la urefu wa kiganja, ncha moja imepigwa nyundo ikawa bapa na kutobolewa tundu la bolti, ncha ya pili imeunganishwa mpira mrefu unaoishia kwenye vizuia kelele vya masikio, vile vya wafanyakazi wa viwandani. Alilifunga kwenye bloki kwa bolti, katikati, upande wa manifoldi, akaupitisha mpira kwenye tundu la nyaya mpaka ndani, akakaa kiti cha abiria, akavaa.

Alichokuwa akikitafuta ni nok ya petroli, si ile ya biringi. Plagi inawasha, moto unasambaa, lakini mchanganyiko uliobaki pembeni mwa silinda unabanwa na kupata joto mpaka unajilipukia wenyewe kabla moto haujaufikia. Kwenye mngurumo wa ekzosi na vumbi hutasikia chochote, ilhali pistoni inapigwa kila mzunguko. Shaba inaisafirisha sauti ile moja kwa moja kutoka kwenye chuma hadi sikioni.

Kwanza tulishusha taimingi kwenye zile safu mbili kwa nyuzi nyingi, tukaongeza petroli, tukaanzia mahali salama. Gia ya tatu, kutoka mizunguko 3,000, nakanyaga mpaka mwisho, nashikilia, naachia. Nguvu niliisikia papo hapo mgongoni. Gari lilelile, injini ileile, lakini lilivuta kana kwamba Nairobi lilikuwa limebebeshwa mizigo na sasa imeshushwa. Kijana akasoma rekodi, akasahihisha visanduku vya petroli kimoja kimoja, tukarudia. Petroli ilipokaa sawa tukaanza kurudisha taimingi, nyuzi moja moja, na sasa kazi yote ilikuwa ya Mzee. Alifumba macho. Mkono wake wa kulia aliuweka wazi juu ya goti.

Kwenye mzunguko wa 5,000 na kitu, mkono ukafunga ngumi.

Niliachia. Mimi sikusikia kitu, na rekodi ya laptopu haikuonyesha chochote kisicho cha kawaida. "Imesema mara mbili," alisema Mzee. "Kama kokoto kwenye kopo." Kijana akaondoa nyuzi mbili hapo na kwenye visanduku vya jirani. Tukarudia, mkono ulibaki wazi mpaka juu. Mwishowe taimingi ya pwani ilikaa karibu nyuzi nne chini ya ile tuliyoipenda Nairobi, na gari bado lilikuwa na nguvu kuliko lilivyowahi kuwa. Nilitoa plagi kuziangalia kwa tochi: kauri ya rangi ya maziwa yenye kahawia kidogo, zote nne zikifanana, hakuna chembe za alumini.

Mbio zenyewe zilikwenda vizuri. Corolla ilishika nafasi ya tatu katika magari yasiyo na tabo, na wawili walionitangulia walikuwa madereva wazuri kuliko mimi. Joto la injini halikupanda kupita kiasi, oili haikuvuja. Niliendesha nikijua kila kisanduku ninachokipitia kimewahi kusikilizwa na mtu.

Mchana, tukiwa kivulini tunakula mihogo ya kukaanga, alikuja kijana wa Starlet ya tabo aliyeshuka nayo kutoka bara usiku wa kuamkia mbio, akamwamkia Mzee shikamoo na kuuliza lile bomba ni la nini. Mzee hakujibu kwa maneno. Alilifungua kwenye gari letu, akalifunga kwenye bloki ya Starlet, akakaa kiti cha abiria, akamwambia kijana aendeshe taratibu hadi mwisho wa mikonge halafu akanyage. Walirudi baada ya muda mfupi, injini ikiwa imezimwa na gari linajiviringia lenyewe.

"Punguza busti, hilo shinikizo la tabo, sasa hivi," Mzee alimwambia. "Inalia kuanzia elfu nne."

Yule kijana hakubisha. Alifungua boneti na kuomba spana ya kumi.