Shikamoo, Baba Mdogo

Barua ya mwisho ya Baba Mdogo ina kurasa mbili, na nusu ya ukurasa wa kwanza ni habari za ziwa. Aliiandika Mwanza mwishoni mwa mwaka 1978. Alimweleza bibi kwamba ameona maji yasiyo na ng'ambo, na kwamba vijana wake wa mgambo, wengi wao watu wa bara kama yeye, walikataa kuamini kuwa hayana chumvi mpaka walipoyaonja.

Kwa ajili ya maneno hayo nilitaka nami nipite majini. Ndugu walinishauri niunganishe basi moja kwa moja hadi Bukoba, kwamba sasa kuna daraja la Kigongo–Busisi na hakuna tena kungoja kivuko. Ni kweli, lakini sikuwa na haraka ya kufika. Nilikuwa namfuata mtu. Kwa hiyo nilitoka Singida kwa basi, nikapita Nzega na Shinyanga, nikashuka Mwanza na kukata tiketi ya meli ya usiku.

Sikulala sana. Nilikaa nje hadi taa za Mwanza zikazama nyuma yetu, picha yake nimeiweka ndani ya Biblia isikunjike. Ni picha ya studio, nyeusi na nyeupe. Ana nyota moja kila bega, luteni usu aliyetoka Monduli karibuni, kofia imekaa sawasawa, na midomo ameibana kama mtu anayezuia tabasamu. Alikuwa na miaka 24 alipokufa. Mimi nina 44. Nilizaliwa yeye ameshakufa, lakini tangu nianze kusema nimemwita Baba Mdogo, na bibi hakuruhusu mtu yeyote nyumbani amtaje kwa jina tupu. Usiku ule nilitambua kwamba anayefanana naye zaidi si baba yangu wala mimi. Ni mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 21.

Kemondo tulitia nanga kabla hakujapambazuka, na asubuhi tukawa Bukoba.

Sikwenda makaburini siku hiyo. Nilipanda gari la Kyaka, kwa sababu nilitaka kwanza kuona kilichomwita. Barabara inapita katikati ya migomba na mibuni, nyumba zimefichwa na kivuli chake, na mtu anaweza kusafiri muda mrefu asikumbuke kabisa habari ya vita. Kisha linatokea bonde, na mto Kagera chini yake, mpana, wa rangi ya udongo.

Majeshi ya Idi Amin yaliingia Oktoba 30, 1978. Siku mbili baadaye Amin alitangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto huu ni ya Uganda, na muda mfupi baada ya hapo daraja la Kyaka likalipuliwa ili jeshi letu lisivuke. Raia waliokuwa ng'ambo ya pili walibaki mikononi mwao. Waliuawa kwa mamia, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa Uganda. Baba anakumbuka jioni ambayo Mwalimu Nyerere alizungumza redioni kuhusu sababu, nia na uwezo wa kumpiga Amin. Anasema watu walisimama barabarani penye redio moja, na hotuba ilipokwisha hakuna aliyeondoka upesi. Mdogo wake wakati huo alikuwa tayari kambini.

Nilisimama karibu na daraja la sasa nikatazama maji. Juu kilimani lipo gofu la kanisa lililobomolewa wakati wa vita, kuta zimesimama bila paa. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi mbivu aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia, akaacha kupanga ndizi zake. Alikuwa mtoto walipokimbia, akasema, mama yake akimbeba mgongoni usiku. Akataka kuiona picha. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Walikuwa wadogo sana, dada." Ndizi alinipa, na fedha akazikataa.

Baba Mdogo alivuka hapa akiwa na Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo. Masaka ilichukuliwa Februari 1979. Machi 10 brigedi yake ilikuwa kwenye bwawa la Lukaya, katika barabara ya kwenda Kampala, barabara ambayo ni kama tuta lililozungukwa na mafunjo na matope, pasipo pa kujificha. Usiku walipigwa maroketi na askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin. Wengi wa mgambo walikuwa hawajawahi kusikia mlio wa namna ile, wakatawanyika. Mwenzake aliyerudi alimsimulia baba kwamba Baba Mdogo alikwenda mbele na nyuma kando ya barabara akiwaita vijana wake kwa majina, mmoja mmoja. Majina aliyajua yote. Kulipokucha Brigedi ya 208 ilipiga kutoka ubavuni na Lukaya ikarudi mikononi mwetu, ila yeye hakuiona asubuhi hiyo. Kampala ilianguka Aprili 11, mwezi mmoja tu mbele.

Kesho yake nilikwenda Kaboya, wilayani Muleba. Makaburi yako kwenye eneo la jeshi, kwa hiyo nilikuwa nimeomba ruhusa mapema. Afisa aliyepangiwa kunipeleka alikuwa kijana, nyota mbili begani, na kabla sijafungua mdomo akasimama wima: "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba, sauti ikanikwama katikati. Aliniuliza kama nataka maji. Sikuweza kumweleza.

Makaburi yamepangwa safu kwa safu, kama gwaride. Kijana alitangulia akisoma majina kwa sauti ndogo, akasimama, akanipisha.

Njia nzima nilikuwa nimetunga maneno ya kusema. Bibi aliniachia salamu kabla hajafa mwaka jana, baba naye aliniachia zake. Yote yakapotea. Kilichonitoka ni kile ninachomwambia kila baba yangu mdogo aliye hai: "Shikamoo, Baba Mdogo." Nikangoja, kama mtu anavyongoja kuitikiwa. Upepo ulikuwa unapita kwenye nyasi. Yule luteni alivua kofia, akageuka kutazama upande mwingine.

Nilipoomba kumpigia baba simu, aliniruhusu, ila nisipige picha. Baba hakuuliza kaburi likoje. Aliuliza, "Yuko safu ya ngapi?" Nikahesabu, nikamwambia. Akauliza, "Na jirani zake ni akina nani?"

Nikamsomea wa kulia. Nikamsomea wa kushoto. Akaniambia nisome taratibu, kalamu yake haiandiki vizuri, na nikimaliza wa kushoto niendelee hadi mwisho wa safu.